Somo: kuchagua matairi ya tope kwa pikapu ya kazi

Wakuu, kifuku kinakaribia. Mimi nabeba viazi kutoka mashambani Njombe kwa Land Cruiser pikapu, kwa hiyo nazungumzia gari la mzigo.

Kwanza, uujue udongo wako. Chota ulioloa, ufinyange. Ukikubali kuviringika kama tonge na kunata kiganjani, ni mfinyanzi: hujaza mianya ya tairi la kawaida mpaka linateleza kama kipara. Hapo unataka kashata, yaani vile vinundu vya mpira vinavyokanyaga ardhi, ziwe kubwa na zilizoachana, ili tairi likizunguka lirushe tope lenyewe. Udongo ukimeng'enyeka, una mchanga, achana na matairi haya. Kashata kali zitakuchimbia shimo.

Pili, soma ubavuni. Wengi wanaangalia kashata tu, na hapa ndipo tunapoumia. Baada ya saizi kuna namba ya uzito: 112 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,120, na 121 ni kilo 1,450. Mzigo mwingi unakaa nyuma, tena gunia la lumbesa linapita kilo 100. Piga hesabu kwa uzito halisi, usihesabu idadi ya magunia.

Tatu, umri. Tafuta tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 3518 ni wiki ya 35 ya mwaka 2018. Niliwahi kununua mtumba wenye kashata nzima kabisa, sikusoma. Likapasuka mlimani na mzigo. Tulishusha magunia mvuani, moja moja, na nilipoukunja ule ubavu nikaona nyufa nyembamba kama nywele, zimezunguka tairi lote. Siku hizi nabonyeza kwa kidole gumba kabla sijatoa hela.

Upana: tope la juujuu lenye ardhi ngumu chini linataka tairi jembamba kama 7.50R16, linalokata hadi chini. Tope lisilo na mwisho linataka pana.

MASWALI

Swali: Mkuu, safari zangu karibu zote ni lami, shamba ni kilomita tatu tu.
Jibu: Usinunue, ndugu yangu. Kwenye lami yenye maji yanachelewa kusimama, yana kelele na yanalika haraka. Chukua ya mchanganyiko, yale ya A/T yanayofaa lami na vumbi, na uweke garini minyororo ya kufunga kwenye matairi.

Swali: Nikikwama nipunguze upepo?
Jibu: Gari likiwa tupu, ndiyo. Mimi hushuka hadi psi 25, na pampu ninayo. Ukiwa na mzigo, shusha mzigo kwanza, maana ubavu ukijikunja unapata moto na kupasuka. Ukifika barabara nzuri, jaza kabla hujakimbia.

Swali: Nina hela ya mawili tu, niyafunge nyuma?
Jibu: Zungushia kamba tairi jipya na la mbele, ulinganishe. Zikipishana sana, ukiweka fowili, yaani magurudumu yote manne yavute, yatashindana na giaboksi ndiyo itaumia. Bora usubiri upate manne, na spea iwe saizi hiyohiyo.