Kuchagua opsioni baada ya mwaka wa nane: fungua bulteni kwanza

Juzi nilikesha kwa dada yangu anayekaa Katuba, hapa Lubumbashi. Mpwa wangu amemaliza mwaka wa nane, sasa achague opsioni, yaani mchepuo wa masomo ya sekondari. Anataka Polytechnique, fakulte ya uhandisi ya Unilu (Chuo Kikuu cha Lubumbashi), na nyumba nzima ilishaamua: sayansi, basi. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na kwa mtoto wangu wa kwanza niliamua vivyo hivyo, kwa kelele za ukoo. Tulilia. Siku hizi nafanya hivi.

Hatua ya 1: Anzia chuoni, urudi nyuma. Mtoto ataje fakulte mbili, si moja, kisha uone opsioni gani inamfikisha huko.

Hatua ya 2: Soma bulteni, ile ripoti ya alama za mwaka, kozi kwa kozi. Achana na ile asilimia ya jumla iliyoandikwa chini ya ukurasa. Mpwa wangu alikuwa na 64%, na fanta ilishanunuliwa. Tazama maksima, yaani alama za juu kabisa za kila kozi. Semesta ina periodi mbili na mtihani mmoja: kozi yenye 20 kwa periodi ina 40 kwenye mtihani, kwa hiyo 80 kwa semesta, 160 kwa mwaka. Yenye 10 ina uzito nusu ya hapo. Sasa weka kando dini, uraia na michezo. Jumlisha alama za hisabati na sayansi peke yake, ugawanye kwa maksima ya kozi hizohizo. Sisi tulipata 47%. Dada akaomba nihesabu tena. Nikahesabu. 47.

Usiishie hapo. Linganisha periodi na mtihani. Mtoto wa 16 kwa 20 kwenye periodi anayepata 15 kwa 40 kwenye mtihani, kuna mtu anamfanyia kazi za nyumbani. Fungua na bulteni ya mwaka wa saba, maana mwaka mmoja unaweza kuharibiwa na malaria au na mwalimu aliyekuwa kwenye mgomo. Tena zipo shule zinazogawa alama kama karanga za msibani. Kwa hiyo mpe mtihani wa zamani wa hisabati, saa moja, karatasi na kalamu, simu ibaki kwa mama. Programu za simu sizitaki: zinakupa jibu, hazikuonyeshi mtoto alikwama mstari gani.

Hatua ya 3: Zungumza naye peke yake, wajomba wakiwa mbali. Ndiyo, na mimi.

Hatua ya 4: Pima opsioni. Komersiali inaandaa kwa uchumi na usimamizi. Elektrisite inaweza kumlisha hata kabla ya chuo. Pedagojia nzuri sana kwa anayependa kufundisha, ila kumtupa mtoto kule kwa sababu "ni rahisi" kunaniudhi, maana kesho huyo ndiye atamfundisha mjukuu wako. Kumbuka pia Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ina siku ya kozi za opsioni, na diploma inadai 50%. Opsioni isiyomfaa itamvuta chini siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Nenda shuleni ukaulize nani anafundisha hisabati mwaka wa tatu na wa nne wa humanites, ile miaka minne ya sekondari baada ya mwaka wa nane. Wakianza kutazamana, tafuta shule nyingine, hata kama yunifomu ni ya kupendeza.

Mpwa wangu ameandikishwa sayansi kwa sharti: kila Jumamosi asubuhi yuko kwangu na daftari. Semesta ya kwanza ikiisha tunapiga hesabu ileile. Mtihani wa hisabati ukiwa chini ya nusu, mwakani ni komersiali, kabla hajafika mbali. Dada amekubali. Baba yake bado ananuna.