Kontrakta wa kubomoa nyumba ya mawe Lamu: namna ya kumpima kabla ya kumpa kazi

Mkomani na Langoni, mitaa ya Mji wa Kale wa Lamu, nyumba haibomolewi peke yake. Ukuta wako ni wa jirani pia, boriti zake na zako zimelala juu yake, na kama kuna wikio, yaani chumba kilichovuka juu ya njia, uzito wake umeegemea hata nyumba ya ng'ambo ya njia. Mtafute mtu anayejua kipi kimeshikwa na kipi. Kuangusha, kila mtu anaweza.

Anza na vibali. Mji wa Kale umo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001, na Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inalinda majengo ya namna hii. Nenda kwanza ofisi ya Makumbusho ya Taifa mjini Lamu, kisha kaunti. Huenda ukaruhusiwa kuondoa sehemu tu: dari iliyooza, au chumba cha saruji kilichopandishwa juu miaka ya karibuni. Kontrakta akikwambia vibali vitafuata baadaye, achana naye. Kazi ikisimamishwa, yeye ataondoka, na nyumba isiyo na paa itabaki mikononi mwako.

Karatasi zake hazichukui muda kuzikagua. Awe amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi (NCA), na leseni yake iwe ya mwaka huu, maana huhuishwa kila mwaka. Tafuta jina lake mwenyewe kwenye tovuti ya mamlaka, usitosheke na nakala aliyokuonyesha. Omba pia bima ya wafanyakazi inayotakiwa na sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007. Paa likiwa na mabati ya asbesto, hayo yaondolewe na mwenye leseni ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, wala yasivunjwe kwa nyundo.

Kipimo hasa ni siku ya kuja kuona nyumba. Anayetaja bei akiwa bado mlangoni ataiongeza kazi ikifika katikati. Anayejua kazi atapanda juu aangalie boriti zimelalia ukuta upi, ataulizia birika la maji, kisima na shimo la choo la zamani, kisha atagonga sakafu kwa mtaimbo asikie pako wazi wapi. Muulize ataanza wapi. Jibu zuri huanza na milango, fremu na nakshi, halafu makuti au mabati, kisha dari chumba kwa chumba, na mwisho kuta, kutoka juu kushuka chini, safu ya nusu mita kwa wakati mmoja. Anayesema atachimba ukuta chini uanguke wenyewe, mshukuru na umsindikize.

Makosa mawili ndiyo huleta maafa zaidi. La kwanza ni kurundika kifusi juu ya dari. Dari ya kale ni boriti, mawe na chokaa nzito. Ukiiongezea mzigo, boriti iliyoliwa na mchwa hukatika na watu wakiwa juu. La pili ni kung'oa boriti kwa mtaimbo kutoka ukuta wa shirika, ule mnaotumia pamoja na jirani. Kichwa cha boriti kikizungushwa ndani ya ukuta, mawe ya upande wa jirani hulegea. Ikatwe kwa msumeno pale inapoingia ukutani, na ukuta ushikizwe kwa nguzo za muda kabla ya boriti inayofuata.

Kabla ya siku ya kwanza, pigeni picha nyufa zote za jirani, naye akiwepo. Pakeni kiraka chembamba cha plasta juu ya kila ufa na kuandika tarehe. Kiraka kikipasuka, ukuta unatembea na kazi isimame.

Sasa kifusi, ambacho kontrakta aliyezoea lori husahau kabisa. Ukuta wa mita 6 kwa 3, unene nusu mita, ni mita 9 za ujazo, karibu tani 16. Ukichukulia punda mmoja abebe kilo 80 kwenye shogi, mfuko wa mizigo wa mgongoni mwake, hizo ni safari 200, na huo ni ukuta mmoja tu! Bei isiyotaja punda, wachukuzi na mahali kaunti ilipoelekeza kifusi kimwagwe si bei kamili. Kisitupwe ufukweni wala kwenye mikoko.

Mkataba uandikwe nani anamiliki mawe mazuri, boriti na milango, moja moja kwa idadi. Bei ya chini mno mara nyingi imeshahesabu kuuza mlango wako. Malipo yafuate hatua: asilimia 20 mwanzoni, 30 dari ikishuka, 30 kuta zikishuka, na 20 ya mwisho ibaki mpaka kifusi kimeondoka na ukuta wa jirani umepigwa lipu. Lipu hiyo iwe ya chokaa, si ya saruji, kwa kuwa saruji hufungia unyevu na chumvi ndani ya mawe. Ukuta uliokuwa ndani ya nyumba haukujengwa kupigwa na mvua, kwa hiyo kazi ipangwe wakati wa kaskazi, lipu iwe imekauka kabla ya masika.