Kuanza kazi ya mwanajiografia: kutoka swali hadi ramani inayoaminika

Hivi karibuni nilimsaidia binti mmoja aliyehitimu jiografia kuandaa mradi wake wa kwanza wa kuwaonyesha waajiri. Nadharia anazijua vizuri. Kilichomkwamisha ni mfumo wa kodineti, yaani utaratibu wa namba zinazoonyesha mahali pa kila kitu duniani, jambo ambalo darasani hupewa nusu ukurasa, na kazini hula siku nzima. Nimeandika hapa tulivyokwenda, ili anayekuja nyuma yake asianzie sifuri. Ukiufuata mwongozo huu utakuwa na mradi mmoja mdogo uliokamilika, na utakuwa umeionja kazi yenyewe.

Hatua ya 1: Andika swali lako kwa sentensi moja

Mwanajiografia halipwi kwa kukariri majina ya mito na miji mikuu. Analipwa kwa kueleza kwa nini jambo limetokea pale na si kwingine, linamgusa nani, na linaelekea wapi.

Mwaka 1854 kipindupindu kilipoua watu katika mtaa wa Soho, London, daktari John Snow alichora vifo kwenye ramani, nyumba kwa nyumba. Vilikusanyika kuizunguka pampu ya maji ya Broad Street. Wengi huishia hapo wanapoisimulia habari hii, lakini mimi napenda kinachofuata. Snow alizifuatilia pia sehemu zilizopingana na wazo lake. Jirani na pampu palikuwa na nyumba kubwa ya kutunzia maskini ambayo ilipata vifo vichache mno. Kumbe ilikuwa na kisima chake. Na baadhi ya waliokufa mbali na pampu walikuwa wakitumia maji yake. Hakuwa mwanajiografia kwa cheo, ila namna ile ya kuuliza ndiyo kazi yetu.

Swali zuri lina mahali, wakati na kitu kinachopimika. "Huduma za afya ziko mbali na wananchi?" ni mjadala tu. "Katika kata hii, kwa hesabu za sensa iliyopita, ni kaya ngapi ziko zaidi ya kilomita 5 kutoka kituo cha afya kilicho karibu nazo?" hilo ni swali. Nitalitumia hilo mpaka mwisho.

Hatua ya 2: Chagua programu moja, uijue

Anza na QGIS, programu ya kuchora na kuchambua ramani. Ni ya bure, ilianzishwa mwaka 2002, na inafanya karibu kila kitu utakachoombwa katika miaka yako ya mwanzo. Baadhi ya waajiri wanatumia ArcGIS, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo. Ukishaielewa QGIS hutahangaika na ArcGIS. Wanaoanza na kuandika misimbo ya Python (lugha ya kompyuta) kabla ya kujua tabaka la ramani ni nini (data za aina moja, kama barabara au vituo, zinazowekwa juu ya nyingine) huishia kupata majibu mabaya kwa kasi kubwa.

Hifadhi kazi yako kwenye GeoPackage, si shapefile (zote ni aina za faili za data za ramani). Shapefile moja ni kundi la mafaili, ukisahau kutuma moja mwenzako hafungui kitu, na majina ya safu yanakatwa yakizidi herufi 10. Najua bado imeenea kila ofisi. Ipokee ukiletewa, kisha ibadilishe.

Hatua ya 3: Kusanya data, na uandike ilikotoka

Barabara na majengo utayapata OpenStreetMap, mradi wa hiari ulioanza mwaka 2004. Kumbuka kwamba kituo kisichoonekana humo si lazima kiwe hakipo. Huenda hakuna aliyekichora. Miinuko unaweza kuipata kwenye data za SRTM, zilizokusanywa na chombo cha anga Februari 2000. Picha za setilaiti zipo za Landsat, iliyoanza kurushwa mwaka 1972, na za Sentinel-2 zenye pikseli (nukta za picha) ndogo kabisa za mita 10.

Tengeneza folda ya data asilia na usiiguse tena. Kila badiliko lifanyike kwenye nakala.

Hatua ya 4: Hakikisha kila kitu kimekaa mahali pake

Hapa ndipo tulipokaa kutwa nzima. Soma taratibu.

Binti alifungua orodha ya vituo vya afya aliyopewa, akaiweka juu ya picha ya setilaiti. Kituo kimoja kikaangukia mtoni, kingine katikati ya shamba. Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba aliyezipima kodineti alifanya uzembe. Nikamwomba achague vituo vitano, apime kila kimoja kimesogea kiasi gani na kuelekea upande gani. Vyote vilikuwa vimehama upande uleule, kwa umbali ule ule. Mtu mzembe hakosei kwa utaratibu namna ile.

Hili ulishike. Pointi zote zikihama kwa pamoja, tatizo ni mfumo wa kodineti. Zikitawanyika kidogo kila moja kwa upande wake, tatizo ni kifaa cha GPS au mkono wa mpimaji. Pointi moja ikiwa nchi nyingine, kuna aliyekosea kuandika namba.

Chanzo cha kuhama ni hiki. Dunia si tufe kamili. Imetanuka kidogo Ikweta, ambako nusu kipenyo chake kinazidi cha kwenye ncha kwa takribani kilomita 21. Wapimaji wa nyakati na nchi mbalimbali walichagua kila mmoja umbo la hesabu lililolingana vizuri na eneo lake, wakaliwekea mahali pa kuanzia. Mpangilio huo ndio tunaouita datamu. GPS inatumia WGS 84. Ramani nyingi za zamani za Kenya na Tanzania zinatumia Arc 1960. Za Marekani ya Kaskazini, NAD27. Ukichukua latitudo na longitudo zilizopimwa kwa Arc 1960 ukazisoma kana kwamba ni za WGS 84, utakosea kwa karibu mita 300. Namba ni zilezile, mahali ni pengine.

Sasa sehemu inayowatesa watu. Programu ina amri mbili zinazofanana kwa jina na tofauti kabisa kwa kazi. Ya kwanza inalivisha tabaka jina la mfumo: inatangaza kwamba "namba hizi ni za Arc 1960", na haibadilishi namba yoyote. Ya pili inakokotoa upya kila namba ili kuihamishia kwenye mfumo mwingine, na kutoa faili jipya. Ukikuta tabaka limekaa vibaya, usikimbilie kulivisha WGS 84 kwa sababu ndiyo unayoitaka. Hapo unakuwa umeidanganya programu, nayo itakuamini. Kwanza livishe mfumo wake halisi, ule liliopimwa nao. Kisha ndipo uligeuze kwenda kwenye mfumo unaoutaka. Mfuatano huo haupinduliwi.

Na mfumo halisi utaujuaje? Soma maelezo yanayoambatana na data. Yasipokuwapo, muulize aliyekutumia. Kama data ilinakiliwa kwenye ramani ya karatasi, angalia maandishi madogo pembeni mwa ramani hiyo. Orodha ya kwetu haikuwa na maelezo yoyote, na ofisi iliyoitoa haikuwa na jibu, tukabaki na kubahatisha kwa adabu: tukajaribu mfumo mmoja mmoja na kulinganisha na majengo yanayoonekana kwenye picha. Ukifika huko, lazima uandike kwenye ripoti kwamba mfumo ulikisiwa, na ulikisiwa kwa msingi gani.

Mambo mengine ya hatua hii ambayo hayana budi kukaguliwa:

Nyuzi si mita. Ukitaka kuchora duara la kilomita 5 kuzunguka kituo na tabaka lako liko kwenye latitudo na longitudo, ukiandika 5000 umeomba nyuzi 5000. Wapo wanaokwepa kwa kuandika 0.045, kwa kuwa nyuzi moja ni takribani kilomita 111. Ikweta itakubali. Kwenye latitudo 60, nyuzi moja ya longitudo imebaki nusu ya hiyo, na duara lako limekuwa yai lililobanwa mashariki na magharibi. Kwa hiyo geuza kwanza kwenda kwenye mfumo wa mita.

Kwa eneo dogo, mfumo huo kwa kawaida ni UTM, unaoigawa dunia katika kanda 60 zenye upana wa nyuzi 6. Kupata kanda yako chukua longitudo (ya magharibi ya Greenwich iwe hasi), jumlisha 180, gawanya kwa 6, tupa desimali, jumlisha 1. Longitudo 39 inakupa kanda ya 37. Kusini mwa Ikweta namba ya mfumo huo katika orodha ya EPSG, ambayo programu huitumia kutambua mifumo, ni 32737, kaskazini ni 32637. Tofauti ni tarakimu moja tu, nayo imeshawapotezea watu kazi nzima. Eneo likivuka kanda mbili, chagua moja na kazi yote ibaki humo.

Ramani za kwenye kivinjari hutumia projeksheni (namna ya kubapa dunia kuwa ramani) iitwayo Mercator ya mtandaoni, EPSG 3857. Namba zake ni za mita, kwa hiyo inashawishi. Usipimie. Kwenye latitudo 60 inarefusha umbali mara mbili na kukuza eneo mara nne. Ndiyo sababu Greenland inaonekana kukaribia Afrika, ilhali Afrika ni kubwa kuliko Greenland takribani mara 14. Kwa kupima eneo la nchi nzima, tumia projeksheni inayotunza eneo, kama ya Albers.

Nyuzi 6 na dakika 30 ni 6.5, si 6.30. Ukiona safu nzima ambayo desimali zake hazivuki 59, kuna aliyenakili dakika kana kwamba ni desimali. Pointi iliyoko baharini kwenye 0,0, katika Ghuba ya Guinea, ni mstari uliokosa kodineti. Na latitudo iliyozidi 90 mara nyingi maana yake safu mbili zimebadilishana nafasi.

Kabla ya kuendelea, pima uwanja wa mpira unaouona kwenye picha. Urefu wake unapaswa kuwa kati ya mita 90 na 120. Ukipata 0.001, bado uko kwenye nyuzi.

Hatua ya 5: Nenda uwandani

Kilomita 5 za mstari ulionyooka ni kilomita 5 za ndege. Mto usio na daraja unaweza kuzifanya 12. Duara ulilochora linasema mama mjamzito yuko karibu na kituo. Njia anayoipita inasema vingine. Tembea sehemu ya njia hiyo, na uulize watu wanapita wapi masika na wapi kiangazi. Uliza pia wanakwenda kituo kipi kweli, maana mara nyingi watu hukiruka cha karibu kwa sababu hakina dawa. Hayo hayako kwenye setilaiti yoyote. Nusu nzima ya jiografia, ile inayohusu watu, inaishi kwenye mahojiano na dodoso, na nasikitika kuona vijana wanaiacha kwa sababu kompyuta inapendeza zaidi.

Omba ruhusa kabla ya kuchukua kodineti za nyumba ya mtu. Data za afya zikiambatana na mahali zinaweza kumtambulisha mgonjwa hata bila jina lake. Ziunganishe kwa kijiji au kwa gridi kabla hazijatoka mikononi mwako.

Hatua ya 6: Chora

Usipake rangi kwa idadi. Paka kwa uwiano. Ramani ya "kaya zilizo mbali" kwa idadi itaonyesha tu vijiji vyenye watu wengi. Gawanya kwa kaya zote, ndipo picha itabadilika. Weka skeli, ufunguo, mwaka na chanzo cha data. Rangi nne au tano zinatosha.

Hatua ya 7: Peleka kazi kwa mwajiri

Ajira za mwanajiografia mara chache hutangazwa kwa jina hilo. Tafuta mipango miji, takwimu, maafa, mazingira, uchukuzi, afya ya jamii, hifadhi ya wanyama, bima. Tuma ramani moja na kurasa mbili za maelezo: swali, data, mfumo wa kodineti uliotumia na sababu zake, ulichokiona uwandani, na mahali ambapo jibu lako halina uhakika. Mtu anayeijua kazi hii ataanza kusoma kwenye mfumo wa kodineti. Sehemu hiyo usiifupishe.