Breki Zinapolia: Namna ya Kujua Lini Uendelee na Safari na Lini Usimame

Gari linapoanza kulia kila ukikanyaga breki, wengi wetu kwanza huongeza sauti ya redio, na baadaye humwomba fundi "aondoe kelele". Ombi hilo niliwahi kulitoa mimi mwenyewe. Fundi alifungua magurudumu ya mbele, akasugua kwa msasa pedi, yaani vipande vinavyoibana diski ya chuma inayozunguka na gurudumu, akapaka grisi kidogo mgongoni mwake, kisha akachukua koleo na kukunja kibati chembamba cha chuma kilichokuwa kimechomoza pembeni. Gari lilinyamaza kabisa. Wiki ya tatu ikaja sauti nyingine, nzito, kama jembe linaloburutwa juu ya sakafu ya saruji, na diski ilipotolewa ilikuwa na mifereji ambayo ukucha ulikwama ndani yake. Kile kibati kilichokunjwa kiliwekwa na mtengenezaji wa pedi kwa kusudi moja tu, nalo ni kulia pedi inapokaribia kwisha.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda gerejini, ni vyema uisikilize sauti yenyewe na kujiuliza inatokea wakati gani. Tafuta barabara tulivu yenye ukuta mrefu upande mmoja, shusha vioo, zima redio na feni, kisha uendeshe kwa mwendo wa kilomita 20 hadi 30 kwa saa karibu na ukuta huo, kwa sababu ukuta hurudisha sauti ya magurudumu na kukusaidia kujua inatoka upande gani. Kanyaga breki taratibu, achia, kisha kanyaga kwa nguvu zaidi. Jaribu pia kurudi nyuma.

Sauti ya asubuhi haina uzito mkubwa. Kwa wakazi wa Tanga, Mombasa au Unguja, ambako hewa ina unyevu na chumvi, na kwa yeyote aliyeosha gari jioni au kuliacha kwenye mvua, diski hupata kutu nyepesi usiku mmoja tu, na mara chache za mwanzo za kukanyaga breki hutoa mkwaruzo hadi kutu hiyo ifutike. Gari lililoegeshwa kwa majuma kadhaa ni suala jingine, kwani kutu iliyokwisha kuichimba diski haiondoki kwa kukanyaga.

Mlio mwembamba na mkali, unaofanana na filimbi, ndio unaowachanganya watu. Chanzo chake ni mtetemo: pedi hushika diski na kuteleza mara maelfu kwa sekunde, na vyuma vilivyo jirani vikatetemeka pamoja nayo. Pedi ngumu za bei rahisi, vumbi la barabara ya changarawe, au uso wa pedi uliong'aa kwa kuungua huweza kusababisha mlio huo hata pedi ikiwa bado nene. Lakini kibati cha onyo nacho hulia karibu vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba kibati mara nyingi husikika gari likiwa linatembea bila breki kukanyagwa, na huweza kubadilika au kunyamaza unapokanyaga. Ukweli ni kwamba sikio peke yake halitoshi kutenganisha milio hii miwili, na si kila pedi ina kibati hicho, hivyo inakupasa kuangalia kwa macho.

Subiri diski ipoe, kata usukani hadi mwisho ili gurudumu la mbele litazame nje, kisha umulike kwa tochi ya simu kupitia matundu ya rimu. Utaona diski inayong'aa, na juu yake kalipa iliyoibana. Ndani ya kalipa kuna pedi, yaani bamba la chuma lililobandikwa tabaka jeusi au la kijivu. Tabaka hilo ndilo unalolipima, usihesabu bamba. Pedi mpya huwa na unene wa takriban milimita 10 hadi 12, na ikibaki milimita 3 ni wakati wa kuibadilisha. Ukikosa kipimo, njiti ya kiberiti ina unene wa takriban milimita 2. Ikiwa kilichobaki kinalingana nayo, umekwisha kuchelewa. Kumbuka kwamba unachokiona kwa urahisi ni pedi ya nje, ilhali ya ndani mara nyingi huisha mapema zaidi, hasa pini ambazo kalipa huteleza juu yake zikiwa zimekauka. Magurudumu ya nyuma ya magari mengi madogo tuliyonayo hutumia dramu, yaani ngoma ya chuma iliyofunikwa, badala ya diski, na viatu vya breki vilivyomo humo, vinavyofanya kazi ya pedi, havionekani mpaka dramu ivuliwe.

Fungua boneti vilevile uangalie kikopo cha mafuta ya breki. Pedi zinavyopungua, mafuta hushuka kidogo kidogo, kwa hiyo kuyajaza kabla ya kukagua pedi ni kujifichia dalili.

Mkwaruzo wa chuma usiokoma, breki ikanyagwe au isikanyagwe, wakati mwingine ni kokoto iliyonasa kati ya diski na bamba la kuzuia vumbi, nayo huweza kudondoka gari likirudi nyuma. Mngurumo unaoongezeka kadiri mwendo unavyoongezeka, na kubadilika unapokata kona, huelekea zaidi kwenye beringi ya gurudumu. Lakini sauti ya kusaga inayokuja unapokanyaga, ambayo mguu wako unaihisi kwenye kanyagio, maana yake ni kwamba chuma kinasugua chuma. Hapo usiendelee na safari. Mwite fundi mahali lilipo gari. Chukua hatua hiyo hiyo kanyagio likizama kuelekea sakafuni, gari likivuta upande mmoja, taa nyekundu ya breki ikiwaka wakati breki ya mkono imeshushwa, au gurudumu moja likiwa la moto na lenye harufu ya kuungua kuliko mengine.

Ipo hatari isiyopiga kelele yoyote. Anayeshuka Kitonga kuelekea Morogoro, au anayetoka Lushoto kwenda Mombo, akiushikilia mguu kwenye breki mteremko mzima, huzipasha moto hadi pedi zinapoteza mshiko au mafuta ya zamani yaliyonyonya unyevu yanachemka, na kanyagio huwa laini ghafla. Ingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, na wenye gari la otomatiki watumie L au 2, breki ikanyagwe kwa vipindi. Mafuta ya breki nayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili.

Ukifika gerejini, mwambie fundi akuonyeshe pedi zote mbili za kila gurudumu, ya ndani na ya nje, na zibadilishwe kushoto na kulia kwa pamoja. Mwombe apime unene wa diski, kwani kipimo cha chini kabisa kwa kawaida kimechongwa juu yake. Asipulize vumbi la breki kwa kompresa ukiwa umesimama hapo, maana baadhi ya pedi za zamani zilikuwa na asbesto, madini ambayo vumbi lake hudhuru mapafu; kitambaa chenye maji kinatosha. Kabla ya kuondoka, kanyaga breki mara kadhaa gari likiwa limesimama hadi kanyagio liwe gumu, kwa sababu pistoni za kalipa zilirudishwa ndani ili pedi mpya ziingie, na mkanyago wa kwanza hautashika kitu. Nati za magurudumu zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100.