Kuingiza diski za zamani kwenye kidhibiti cha RAID bila kupoteza data

Ofisi nyingi za uwakala wa forodha hapa Mombasa hununua seva iliyotumika yenye kidhibiti cha RAID, yaani kifaa kinachounganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja, kisha hutaka kuchomeka diski zilizo nazo tayari, zikiwa zimejaa hati za mizigo, zikitumaini kwamba zitasomeka vilevile. Zihesabu kuwa hazitasomeka. Kidhibiti huandika maelezo ya safu (kundi la diski zilizounganishwa) ndani ya diski zenyewe, na kinapounda safu mpya, hata ule uanzishaji wa haraka unaokwisha kwa sekunde chache hufuta mwanzo wa diski, mahali penye jedwali la sehemu zake.

Hatua ya 1. Nakili data yote kwenye diski nyingine ambayo haitaingia kwenye safu, kisha ufungue faili kadhaa kubwa kutoka kwenye nakala hiyo ili uhakikishe kuwa ni nzima. RAID haichukui nafasi ya nakala ya akiba, kwa kuwa faili ikifutwa kimakosa, hufutwa kwenye diski zote kwa wakati mmoja.

Hatua ya 2. Diski zikiwa bado kwenye kompyuta ya kawaida, zipime kwa amri ya smartctl -a, inayoonyesha hali ya afya ya diski. Angalia mstari wa Current_Pending_Sector, yaani idadi ya sekta (vipande vidogo vya diski) zinazoshukiwa kuwa mbovu: ukionyesha zaidi ya sifuri, weka diski hiyo kando. Nasisitiza jambo hili kwa sababu diski moja ya RAID 5 (mpangilio wa diski tatu au zaidi unaostahimili kufa kwa diski moja tu) ikifa, kidhibiti hulazimika kusoma diski zote zilizobaki ili kuijenga upya ile iliyokufa, na sekta mbovu iliyojificha miaka mingi hujitokeza saa hiyo hiyo, wakati ambapo hakuna tena kinga. Baada ya hapo tumia smartctl -l scterc, inayoonyesha diski hujaribu kwa muda gani kusoma sekta mbovu kabla ya kukata tamaa. Diski za seva kwa kawaida huacha kuhangaika na sekta mbovu baada ya sekunde 7 hivi, ilhali diski nyingi za kompyuta za mezani huweza kung'ang'ana kwa dakika nzima au zaidi, na kidhibiti kikichoka kungoja huitoa kwenye safu diski ambayo kumbe ingali hai. Diski za namna hiyo mimi siziweki kwenye RAID 5.

Kwa kuwa hewa yetu ya pwani ina chumvi na unyevu, kagua pia vidole vya shaba kwenye soketi ya diski. Ukiona madoa ya kijani au meusi, futa taratibu kwa kitambaa kisichoacha nyuzi kilicholoweshwa spiriti ya isopropili, na uache pakauke kabisa.

Hatua ya 3. Linganisha ukubwa na aina. Diski ya TB 1 pamoja na mbili za TB 2 katika RAID 5 zitakupa TB 2 tu, kwa sababu ile ndogo ndiyo kipimo cha zote. Kidhibiti cha SAS (aina ya muunganisho wa diski za seva) hupokea diski za SATA (aina ya kawaida ya kompyuta za mezani), lakini kinyume chake hakiwezekani.

Hatua ya 4. Andika namba ya kila diski na nafasi yake kwenye utepe wa karatasi, ubandike, kisha uchomeke na kuingia kwenye menyu ya kidhibiti. Diski iliyotoka kwenye safu ya kidhibiti kingine huenda ikaonyeshwa kama "Foreign" (ya kigeni). Ikiwa unaihitaji safu hiyo ya zamani na diski zake zote zipo, chagua "Import" (ingiza), wala usiguse "Clear" (futa).

Hatua ya 5. Unda safu, na uwashe "Write Back" (kidhibiti kushika maandishi kwenye kumbukumbu yake kabla ya kuyapeleka kwenye diski) ikiwa tu betri ya kidhibiti ni nzima, maana umeme ukikatika bila betri, maandishi ambayo hayajafika kwenye diski hupotea. Kabla ya kurudisha data, chomoa diski moja seva ikiwa inafanya kazi, mradi vishikio vyake vinaruhusu, uirudishe, na ungoje ujenzi upya ukamilike bila kosa. Hapo ndipo unakili faili zako kutoka kwenye akiba.