Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kutafsiri Majibu ya Lehemu na Vimeng'enya vya Ini

Kabla ya kulinganisha namba zako na za mtu mwingine, soma kizio kilichoandikwa kando yake, kwa kuwa lehemu (kolesteroli) ya milimoli 5.2 kwa lita ni takriban sawa na miligramu 200 kwa desilita, na watu hupeana pole na pongezi kwa majibu yasiyotofautiana.

Uliza mapema iwapo utatakiwa kufunga. Trigliseridi, aina nyingine ya mafuta ya kwenye damu, hupanda baada ya mlo, na zikizidi miligramu 400 kwa desilita, LDL, yaani lehemu mbaya, iliyopatikana kwa kanuni ya kawaida ya hesabu haitegemeki. Omba ipimwe moja kwa moja. Pombe usiifiche. Mwandikie daktari kila unachomeza, parasetamoli na mitishamba ikiwemo, hata kama mitishamba wewe huihesabu kuwa chai tu.

Mazoezi mazito yaache kwa wiki moja kabla ya kutolewa damu. Hili wengi hawaambiwi, ilhali vimeng'enya vya ini, ALT na AST, havitoki kwenye ini peke yake: vimo pia kwenye misuli, hasa AST. Shemeji yangu, anayetumia statini, dawa ya kushusha lehemu, alirudia kunyanyua vyuma baada ya kukaa muda mrefu, akapimwa siku iliyofuata huku hata kuvaa shati kukimtoa jasho. Karatasi ilirudi na herufi H, yaani juu, mbele ya vimeng'enya vyote viwili, AST ikiwa juu zaidi, na aliyemkabidhi akamtajia ugonjwa wa ini bila kumuuliza lolote. Akaacha statini kwa uamuzi wake, akaanza kunywa majani ya kusafisha ini. Kumbe kwenye karatasi ileile GGT na bilirubini, vipimo vingine vya ini, vilikuwa vya kawaida, ila hakuna aliyevitazama. Daktari mwingine ndiye aliyemuuliza kuhusu kazi nzito, akaagiza kipimo cha CK, kimeng'enya kinachopanda misuli inapoumia, nacho kikakutwa juu sana. Baada ya mapumziko vimeng'enya vilishuka. Kilichokuwa kimepanda ni LDL, kwa sababu ya dawa iliyoachwa. Statini zenyewe huweza kuumiza misuli, ndiyo maana maumivu ya namna hiyo huelezwa daktari, naye ndiye anayeamua kusitisha au kuendelea.

Ongezeko dogo, lisilofika mara tatu ya kikomo cha juu, mara nyingi huhitaji kipimo cha marudio na uchunguzi wa mafuta kwenye ini na wa homa ya ini B na C. Lehemu ikiwa juu, uliza pia kuhusu tezi ya shingo (thairoidi). Macho yakigeuka manjano au mkojo ukiwa mweusi kama majani ya chai, nenda hospitali siku hiyohiyo. ALT ya kawaida nayo isikulaze usingizi, kwani hata ini lenye makovu huweza kuitoa. Tunza karatasi za zamani, pimwa maabara ileile inapowezekana, na usikubali dawa ya kuanza leo kutoka kwa mtu ambaye hajakuuliza swali hata moja.