Wifi yangu na mlima wa jibini: namna ya kula Olive Garden

Ndugu akifika kwetu Columbus, Ohio, hapa Marekani, akishapumzika safari huwa nampeleka kwenye mgahawa uitwao Olive Garden. Sisemi ndipo penye chakula kitamu kuliko kwingine mjini. Ila bei yake inabebeka, meza ni pana, na mtu mwenye njaa hatoki na njaa. Wifi yangu alipotua kutoka Tanga tulikwenda siku ya tatu, na haya ninayokupa mengi nimeyapata siku hiyo.

Kwanza sahau Italia. Mgahawa huu ulianza 1982 huko Orlando, Florida, chini ya General Mills, kampuni ile ile ya Cheerios, nafaka za kifungua kinywa zinazoliwa na maziwa. Hiki ni chakula cha Kimarekani chenye majina ya Kiitaliano, na ukikiendea hivyo utakifurahia.

Nenda mchana, siku ya kazi. Kwetu wanafungua saa 5 asubuhi, yaani saa 5 yetu, ambayo wao huiita 11. Mweleze mgeni unasema saa ipi, maana akisikia 11 atakuja kukusubiri jioni. Ukiingia usijichagulie meza. Simama pale mbele, sema mko wangapi, mtapelekwa.

Sasa agiza supu na saladi. Unalipa bei moja na unaongezewa mpaka useme basi. Vinakuja pamoja na mikate myembamba mirefu, ya moto, iliyopakwa siagi yenye kitunguu saumu. Kapu la kwanza huhesabiwa kwa vichwa na kuongezwa mmoja, kwa hiyo watu watatu wanapata minne. Likiisha unaomba jingine. Na hapo ndipo wageni wanapoanguka! Wifi alikula minne kabla supu haijafika, akaanza kuhema. Mimi nala mmoja, wa pili nautumia kufutia bakuli la supu.

Kwenye supu, Mwislamu afungue macho. Kuna moja inaitwa Zuppa Toscana: viazi, majani kama sukuma wiki, mchuzi mweupe kama tui. Ukiitazama utadhani umerudi nyumbani. Soseji iliyomo ni kitimoto. Pasta e Fagioli ina maharage na nyama ya ng'ombe, lakini usitegemee kwamba imechinjwa kihalali. Mimi nachukua Minestrone, ambayo ni mboga, maharage na nyanya, haina nyama kabisa. Naikamulia ndimu, inachangamka.

Saladi inaletwa kwenye bakuli moja la meza nzima: majani, nyanya, vitunguu, zeituni nyeusi na pilipili za kijani za siki ambazo haziwashi hata mtoto. Mhudumu anakuja na kimashine cha mkono, anauliza kama mnataka jibini, kisha anaanza kuzungusha juu ya bakuli. Hataacha mpaka umwambie. Mimi nilikuwa nimeinama natafuta simu kwenye mkoba. Nikainua kichwa, majani hayaonekani tena, pamejaa jibini kama nazi iliyokunwa ya pilau la watu mia. Yule binti anazungusha, anatabasamu. Wifi naye ametulia, mikono mapajani.

"Wifi, mbona humzuii?"

"Mtu anakupakulia, nimkatishe vipi? Si ataona namdharau."

Kwa hiyo mwambie mgeni wako mapema: kusema "inatosha, asante" hapo ndiyo adabu yenyewe.

Mkitaka sahani kubwa, gawaneni. Tour of Italy ina vitu vitatu kwenye sahani moja: lazanya, kuku wa kukaangwa aliyefunikwa jibini, na Fettuccine Alfredo, ambazo ni tambi pana zilizozamishwa kwenye krimu, siagi na jibini. Kwenye rojo la nyama uliza kama kuna nguruwe, usione haya. Uliza pia kuhusu mvinyo. Kitu chochote kinachoitwa Marsala kimepikwa nao. Wifi aliitazama ile Alfredo akaniuliza sukari na iliki ziko wapi, maana kwao tambi ni za sukari na tui. Maji ya barafu ni bure, na soda wanakujazia tena.

Bili haitalingana na menyu, usigombane. Kodi ya mauzo huongezwa mwishoni, isipokuwa majimbo machache kama Oregon ambako haipo. Halafu kuna bakshishi, na hii kwa desturi ya huku ni kama lazima, si kama kwetu. Sheria ya serikali kuu inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu dola 2.13 kwa saa, kiwango ambacho hakijaguswa tangu 1991. Baadhi ya majimbo humtaka mwajiri alipe zaidi, lakini bado anaishi kwa bakshishi. Chakula cha dola 40, mwachie 8. Mkila supu bakuli nne nne, ongeza kidogo, maana miguu iliyokwenda jikoni ni yake. Kulipa mnaweza kulipia kwenye kile kitableti cha mezani. Wakataze watoto kukichezea, michezo yake hutozwa pesa. Bili huja na vichokoleti vya mnanaa vya karatasi ya kijani. Wifi alikusanya vya meza nzima, akavifunga kwenye ncha ya mtandio.

Kilichobaki omba kisanduku, hakuna anayekushangaa. Kiporo cha Alfredo usikitie kwenye maikrowevu, mafuta yatajitenga. Kiweke sufuriani, moto mdogo, maziwa vijiko viwili, koroga taratibu. Asubuhi yake wifi alikiongezea pilipili mbuzi na ndimu, akala na chai ya rangi. Nikaonja nikidhani ni vituko. Siku hizi ndivyo ninavyokula.